Miti 60 juu ya lava, Goma: kwa nini inakufa mwaka wa pili, na safari hii tupande nini?

Avenyu_Juu_ya_Lava (Goma)

Wandugu, jambo kwenu. Naleta swali la kamati ya avenyu. Avenyu ina urefu wa mita 360 hivi, yote iko juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, kaskazini ya katikati ya mji. Udongo hakuna, ukipiga mtaimbo unasikia mlio wa jiwe. Upande mmoja kuna nguzo na nyaya za umeme, upande wa pili bomba la maji limefukiwa juu juu chini ya kokoto.

Miti imekwisha kupandwa hapa mara mbili. Mara zote ilikuwa grevilia (Grevillea robusta) tupu, mashimo ya sentimita 40 kwa 40 kwa 40, yakajazwa udongo mweusi ulioletwa kwa kamyo (lori). Mvua za kwanza miti inashangilia. Kiangazi cha kwanza inavumilia. Kiangazi cha pili majani yanakauka kuanzia kileleni, na Agosti ikifika zimebaki fito. Michache iliyopona ililazwa na upepo, na mizizi yake ilikutwa imejizungusha kama kata ya kubebea mzigo kichwani.

Sasa shefu wa avenyu anataka miti 60, thelathini kila upande, na watu wa salongo (kazi ya pamoja) ya Jumamosi wako tayari. Shimo liwe na kina gani? Aina gani zinafaa? Na je, kuna dawa au mbolea ya kutia ili mti uvuke mwaka wa pili?

Mwamba_na_Mzizi

Jambo ndugu. Dawa hakuna, na kosa si la grevilia. Piga hesabu ya shimo lenyewe.

Sentimita 40 pande zote ni lita 64. Udongo mzuri ukishiba maji, mti unaweza kunyonya humo kama sehemu moja kwa tano au sita ya ujazo wake. Kwa hiyo lita 11 hadi 13, basi. Mche wa mwaka wa kwanza hautumii hata lita moja kwa siku, shimo linautosha. Ukifika mita tatu, wenye kivuli cha mita za mraba mbili, siku ya jua la Julai unapoteza lita 6 hadi 8. Akiba ya siku mbili! Mti umekua, kopo halikukua. Ukiongeza mbolea unaharakisha kifo, kwa sababu majani yanazidi na maji ni yale yale. Na upepo unaulaza kwa sababu hiyo hiyo: mzizi umegonga ukuta wa jiwe, ukageuka, ukaanza kuzunguka.

Watu wakisikia hivyo wanataka kuchimba chini zaidi. Msipite sentimita 80. Mizizi mingi inayolisha mti hukaa kwenye sentimita 60 za juu, palipo na hewa. Chimbeni kwa urefu.

Ushauri wangu, na najua shefu hataupenda: pandeni 40, si 60. Fanyeni mitaro 20, kumi kila upande, kila mtaro miti miwili. Urefu mita 8, upana mita 1.2, kina sentimita 80. Miti ikae mita 5 mmoja na mwenzake, na mita 1.5 kutoka kila mwisho wa mtaro. Huo ni ujazo wa karibu mita za ujazo 7.7, maana yake kila mti una 3.8 hivi, mara 60 ya nafasi ya shimo la zamani, ingawa nyingi itajazwa mawe. Tena miwili inachangia akiba moja: mmoja ukiumwa au ukikatwa, mwenzake anarithi nafasi.

Sasa lililo kubwa. Mawe mtakayovunja msiyapakie kwenye kamyo. Kule Stockholm, Uswidi, wanapanda miti ya barabarani ndani ya mawe makubwa yaliyoshindiliwa, ya sentimita 10 hadi 15, kisha wanaosha udongo kwa maji uingie katikati ya mawe. Mawe yanabeba uzito wa magari, na udongo ulio kwenye mianya haushindiliwi, kwa hiyo mizizi inapita. Cornell, Marekani, nao wana mchanganyiko wa namna hiyo, takriban asilimia 80 kokoto na 20 udongo wa mfinyanzi. Wao wanalipia mawe hayo. Goma mnayo, ya bure, na lava yake ina vitundu vinavyoshika maji kidogo.

Inafanywa hivi. Vunjeni lava hadi sentimita 80. Chini, kila baada ya mita moja, pigeni tundu kwa mtaimbo hadi mpasue bamba. Mkibahatika, chini ya bamba kuna udongo wa zamani wa kabla ya 2002, na mzizi ukiufikia umepata akiba ambayo hakuna kamyo inayoweza kuleta. Mwageni bidoni (madumu) mbili za lita 20. Maji yakisimama hadi kesho yake, bamba bado zima, ongezeni matundu. Yakitoweka papo hapo kuna ufa mkubwa, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa: udongo huzama polepole ndani ya ufa, baada ya miezi sita uso wa shimo umeshuka sentimita 20 na mizizi inaning'inia hewani. Zibeni ufa kwa ngazi: jiwe bapa, juu yake mawe ya ukubwa wa ngumi, juu yake kokoto, juu yake changarawe laini. Maji yatapita, udongo utabaki.

Kisha pangeni mawe yenu, kuanzia ukubwa wa avoka kubwa hadi kichwa cha mtoto, tabaka la sentimita 25. Shindilieni. Tandazeni udongo mchanganyiko juu yake, mwageni maji mpaka uzame kwenye mianya yote, ongezeni mpaka ukatae kuzama. Tabaka la pili vivyo hivyo, na la tatu. Msichanganye udongo na mawe kabla ya kuyashindilia. Mkifanya hivyo mawe hayagusani, barabara itatitia. Mahali pa kila mche acheni tundu la sentimita 50 kila upande lisilo na mawe, mlijaze udongo mtupu.

Mchanganyiko: sehemu tano udongo, mbili mboji au samadi iliyooza kabisa, moja chenga za makala (mkaa), lile vumbi linalobaki chini ya gunia. Mianya ya mawe ni kama theluthi moja ya mtaro, kwa hiyo kila mtaro utakula mita za ujazo 2.5, karibu toroli 42 za lita 60, mbali na udongo wa matundu ya miche. Chenga za makala zilowekwe kwanza kwenye maji ya samadi kwa wiki mbili au tatu. Zikiingia kavu zitafyonza naitrojeni ya udongo na miche itageuka njano. Wala msichanganye makala na jivu. Lava ya Nyiragongo ina potasiamu na kalsiamu tele, inachokosa ni naitrojeni. Jivu litaongeza kilichopo na kupandisha magadi.

Uso wa mtaro usisakafiwe. Zungusheni ukingo wa mawe wa sentimita 20, juu tandazeni kokoto za lava unene wa sentimita 7 hivi. Majani makavu yanafaa pia, lakini mtu akitupa kijinga cha moto yanawaka.

Mama_Miche

Mwamba amesema ya chini, mimi niseme ya juu.

Mche kwanza. Mnunue wa sentimita 60 hadi 100, shina limenyooka, chini nene kuliko juu. Mrefu wa mita mbili ndani ya kasashe kadogo (kifuko cha plastiki cha kitalu) ni mzee aliyefungwa. Mizizi imekwisha kujizungusha kabla hamjaupanda, na hiyo kata mliyoiona huenda ilianza kitaluni, si kwenye shimo. Chaneni sashe moja katika kila ishirini mkague. Wakati wa kupanda, kateni sentimita moja au mbili za chini ya bonge, na kwa wembe chaneni ubavuni mara tatu kutoka juu hadi chini kukata mizizi inayozunguka. Sashe itoke yote. Shingo ya mche, pale shina linapoanza kutanuka kuwa mzizi, ikae sawa na uso wa udongo. Ikizikwa hata sentimita 5, ganda linaoza.

Majira: katikati ya Septemba mvua zikishika, mwisho katikati ya Novemba. Dirisha la Machi na Aprili lipo ila ni la hatari, kwa sababu Juni inafika mizizi haijatoka kwenye tundu lake. Kiangazi cha kwanza, lita 20 kwa kila mti mara mbili kwa wiki. Cha pili, mara moja kwa wiki, na hapo ndipo watu huacha wakidhani mti umekwisha kujitegemea. Cha tatu, kila wiki mbili kama majani yananyong'onyea asubuhi. Ya jioni yasiwatishe. Bidoni yenye tundu la milimita 2 chini, ikae juu ya mizizi, inamwaga taratibu. Ndoo ikimwagwa kwa mkupuo kwenye lava nusu yake imepotea. Na msisahau paa: mvua ya milimita 10 kwenye bati la mita za mraba 40 ni lita 400.

Aina sasa. Upande usio na nyaya wekeni miti ya kimo: musave (Markhamia lutea), muvugangoma (Cordia africana), musebeya (Albizia gummifera), grevilia michache. Musave ndio ningeuweka mbele. Mzizi wake una adabu, unachipua tena ukivunjwa na mbuzi, na ni wa kwetu. Muko (Erythrina abyssinica) unavumilia jiwe na ukame na unajitafutia naitrojeni, lakini una miiba na hukua polepole, kwa hiyo mbali na mlango wa shule. Upande wa nyaya: Callistemon, Bauhinia, pera. Hii haivuki mita 6 hivi, na ikivuka inapunguzwa bila kuuawa.

Muvumu (Ficus thonningii) ni mti mzuri sana kwa ndege, na mzizi wake unapasua mwamba kweli. Utapasua na tangi lenu la maji. Mita 10 kutoka ukuta wowote, la sivyo uachwe. Senna spectabilis, ile yenye maua ya njano ambayo kitalu kitawapa kwa bei ya bure, kataeni. Imekuwa kero ndani ya misitu ya Uganda na Tanzania kwa kujisambaza.

Kwenye grevilia jambo moja: jamii yake ina mizizi iliyozoea udongo maskini wa fosforasi. Mkijaza samadi mbichi ya kuku shimoni majani yanageuka njano na ncha zinaungua, halafu watu wanasema ni mvua ya volkano. Moshi wa Nyiragongo mara nyingi upepo unaupeleka magharibi, na mvua yake chachu huacha madoa yaliyotawanyika juu ya jani. Ukavu wa ncha na kingo, kwa jani zima kwa usawa, ni kiu au chumvi ya mbolea.

Fundi_Chukudu

Mbona hakuna anayetaja kalitusi (mkaratusi)? Inakua haraka, haiulizi udongo, mbuzi haili, na baada ya miaka saba mnapata mbao. Mnajisumbua bure.

Mwamba_na_Mzizi

Kaka, kalitusi kwenye shamba la kuni ni sawa, Goma ingepumua kama makala yote yangetoka kwenye mashamba ya namna hiyo badala ya msituni. Barabarani ni habari nyingine. Mti wa mita 25 kwenye mtaro wa sentimita 80, juu ya bamba la jiwe, pembeni ya nyaya? Matawi yake huanguka hata siku isiyo na upepo. Na kile unachokisifu, kukua haraka, ni kunywa haraka. Tena siku utakapofika wa kuvunwa, avenyu inabaki uchi yote kwa siku moja.

Mwana_Kasapa (Lubumbashi)

Natoka upande wa pili wa nchi, jiwe la Goma silijui kama ninyi, lakini hesabu ya aina inahusu miji yote.

Mwaka 1990 Frank Santamour, mtaalamu wa vinasaba vya miti kule Marekani, alitoa kipimo ambacho miji mingi bado inakitumia: katika miti yote ya mji, spishi moja isizidi asilimia 10, jenasi moja (kundi la spishi za karibu) isizidi 20, familia moja isizidi 30. Alikuwa ameona miji ya kwao ilivyopoteza miti yake ya elm kwa ugonjwa. Miaka 12 baadaye, 2002, mwaka ule ule lava ilipoingia kwenu, mdudu wa kijani kutoka Asia akagunduliwa karibu na Detroit, kwenye mitaa iliyokuwa imejaza pengo la elm kwa mti mwingine mmoja tu, ash. Akaua mamilioni kwa makumi. Walibadilisha mti, hawakubadilisha kosa.

Msidhani ni mambo ya huko. Mwaka 1990 hivi chawa wa misipresi walipita Kenya na kukausha ua na mashamba. Lusina (Leucaena) ikapata mdudu wake Afrika Mashariki miaka ya 1990. Kalitusi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina kinyigu kidogo cha Australia kinachovimbisha vikonyo vya majani (Leptocybe invasa). Afrika Kusini sasa inapambana na mdudu wa milimita 2 anayetoboa shina na kupanda kuvu ndani yake. Yumo Johannesburg, na anapenda pia avoka na mbarika. Anasafiri ndani ya kuni mbichi. Kwa hiyo mtakapokata mti mgonjwa, kuni zake zisivuke mji.

Ila kipimo cha Santamour ni cha mji, si cha avenyu. Mkijaribu spishi kumi kwenye miti 40, mtapata duka la vitu mbalimbali, na kila mti utataka matunzo yake. Chukueni nne au tano, na kubalianeni na avenyu jirani wachukue nyingine. Ndani ya mtaro mmoja wekeni spishi mbili tofauti, msirudie moja. Mbegu nazo: grevilia 40 za mama mmoja ni mti mmoja uliorudiwa mara 40. Ulizeni kitalu mbegu zilitoka wapi. Kanuni ya wakusanyaji ni miti mama 30, iliyoachana mita 50 au zaidi. Kitalu cha mtaani hakitafika huko, lakini kununua kwenye vitalu vitatu tofauti kunasaidia.

Na umri. Msipande yote msimu mmoja. Mitaro saba mwaka huu, saba mwakani, sita mwaka wa tatu. Kiangazi kikali kikija kitakuta theluthi moja tu iko kwenye ule mwaka wa pili wa hatari.

Kwetu adui ni wengine: kiangazi cha Mei hadi Septemba bila tone, mchwa, na shaba. Upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, kilichoanza mwaka 1911, kuna ardhi iliyobaki tupu kwa sababu ya madini na moshi wa salfa. Huko mti haupandwi kwanza. Inatangulia chokaa na mboji, kisha nyasi inayovumilia shaba, Microchloa kunthii, ndipo mti uingie kwenye shimo lililojazwa udongo wa kutoka nje. Mzizi ulioumizwa na shaba unajulikana: mfupi, mnene, wa kahawia, hauna vinyweleo. Mchwa tunawapunguza kwa kuweka majani makavu sentimita 15 mbali na shina na kutozika vipande vya mbao shimoni, lakini udongo wa kichuguu wenyewe, ulio na mfinyanzi na chokaa, tunauchanganya kwenye udongo wetu mchachu. Ninyi msiuige huo. Wenu una kalsiamu ya kutosha.

Avenyu_Juu_ya_Lava

Aksanti sana, wakubwa. Mwamba, mitaro 20 ni mita za ujazo zaidi ya 150 za lava kuvunjwa kwa mkono. Salongo itachoka kabla ya mtaro wa tatu. Tena kuna watu hapa wanaogopa mazuku (hewa ya sumu itokayo ardhini) wakisikia habari ya kuchimba.

Mwamba_na_Mzizi

Ni kazi kubwa, sibishi. Ndiyo maana ya kugawa miaka mitatu kama alivyosema Mwana wa Kasapa. Lakini kabla ya kuchimba, pigeni ramani ya sauti: pita na nyundo kubwa kila mita mbili. Pakilia “ngoo” pana uwazi au lava yenye mapovu, panavunjika kirahisi. Pakilia kama chuma ni bamba zito, pahameni mita chache. Lava ya 2002 haikupoa kwa unene mmoja. Mahali pengine ni nusu mita, pengine mbili. Mtaro si lazima uwe mstari mmoja na mwenzake.

Palipo chuma mtupu na hamna pa kuhamia, vunjeni sentimita 30 tu, kisha jengeni ukuta wa mawe hayo hayo kuzunguka, kimo sentimita 50. Jumla ni 80 ile ile. Kasoro yake ni kwamba kitanda kilichoinuliwa kinakauka ubavuni, kwa hiyo maji ya kiangazi yaongezwe kwa nusu, na matundu ya kupasua bamba yanakuwa ya lazima, si ya hiari. Upande wa bomba la maji fanyeni hivi hivi bila kuuliza, na kabla ya pigo la kwanza mafundi wa maji waoneshe bomba lilipopita.

Mazuku si hadithi. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayotuama kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Upande wa magharibi wa mji karibu na ziwa ndiko kunajulikana zaidi. Mtaro wa sentimita 80 ulio wazi mtu akiwa amesimama una hatari ndogo, lakini anayeinama au kupiga magoti kichwa chake kiko ndani. Anzeni kazi jua likishapanda, kamwe si mtu mmoja peke yake, watoto wasicheze mtaroni asubuhi. Mkiona mijusi au wadudu wamekufa chini, fukieni, hameni. Mtu akianguka ndani, asishukiwe na mwingine. Avutwe kwa kamba au mti kutoka juu. Kupima kwa mshumaa msikutegemee, mtu anaweza kuanza kulegea kabla mshumaa haujazimika.

Hewa hiyo huua na miti. Mlima Mammoth, California, tangu 1990 eneo zima la msitu limekauka kwa sababu kaboni dioksidi ilijaa kwenye udongo na mizizi ikakosa oksijeni. Mkiona miti ya mtaro mmoja inakauka yote pamoja, ya spishi tofauti, yenye maji ya kutosha na bila mdudu, msipande tena hapo.

Kadutu_Mlimani (Bukavu)

Mmesahau kinga ya mche na kupogoa. Mbuzi na wapogoaji ndio wanaoua miti kuliko Nyiragongo.

Kinga: duara la mawe ya lava, kimo sentimita 60, kisha mianzi hadi mita 1.5. Mbuzi anafika juu akisimama kwa miguu ya nyuma. Kuhusu nguzo za kushikilia mche: ziwe mbili, zimfunge kwenye theluthi ya chini tu, kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, na ziondolewe baada ya miezi 12. Mti uliofungwa juu hautikisiki, na usiotikisika haunenepeshi shina.

Kupogoa: kukata kichwa cha mti chini ya nyaya hakupunguzi kazi. Mwaka mmoja baadaye kisiki kinatoa fimbo ishirini zilizoshikwa na ganda tu, na hizo ndizo zinaangukia waya. Tawi zito likatwe mara tatu: mkato wa kwanza chini, sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene, wa pili juu, mbele kidogo ya wa kwanza, tawi linaanguka bila kuchuna ganda, wa tatu unaondoa kisiki nje kidogo ya ule uvimbe ulio shingoni mwa tawi. Msipake rangi wala oili chafu. Karibu na nyaya zenye umeme msiguse, waiteni wenye nyaya. Na mti wowote usikae chini ya mita 8 kutoka kona ya njia, madereva wa mota (pikipiki) hawaoni.

Kuhusu ulinzi wa kijamii, gawaneni kwa parseli (kiwanja): mtaro ulio mbele ya parseli una mwenyewe, na jina lake liandikwe kwa shefu wa avenyu. Kwenye nyumba kumi ambazo hazina jina lililoandikwa, mti ni wa wote, na wa wote ni wa mbuzi.

Avenyu_Juu_ya_Lava

Nimekubali 40. La mwisho: udongo wa kamyo tutaujuaje kama ni mzuri? Ule wa mara ya kwanza ulikuwa mweusi vizuri tu.

Mama_Miche

Weusi hauna maana, hata majivu ya jalalani ni meusi. Kamyo ikifika, kabla haijamwaga, chukua konzi kutoka pande tatu. Toa vipande vya saruji, plastiki, vioo. Vikizidi kiganja kimoja kwenye ndoo, irudishe. Lowesha, finyanga kijiti cha unene wa penseli: kikivunjika papo hapo ni mchanga mno, utakimbilia kwenye nyufa, kikijipinda kuwa pete bila kupasuka ni mfinyanzi mno, mwage mchanga wa volkano sehemu moja kwa tatu. Kinachotakiwa ni kijiti kinachoshika lakini kinapasuka ukikipinda.

Halafu weka udongo huo kwenye kopo mbili, na kopo la tatu udongo wa bustani unaouamini. Maharage kumi kila kopo, maji sawa. Siku ya kumi hesabu. Yakiota saba au zaidi, majani ya kwanza bapa na kijani, nunua. Yakichelewa, yakijikunja, au kingo zikiwa kahawia wakati ya kopo la tatu ni mazima, udongo una chumvi, oili au dawa ya magugu. Mwambie mwenye kamyo asubiri siku kumi. Akikataa, tafuta mwingine.